Picha Iliyoachwa Nje ya Mirathi

Desemba 1991, siku alipotimiza miaka 80, mpiga picha wa Kimarekani Brett Weston alikaa mbele ya moto akaanza kuchoma negativu zake. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amesema kwa miaka mingi kwamba hataki mtu mwingine aje kusafisha picha kutoka kwenye kazi zake baada ya yeye kufa. Picha zilizokwisha kusafishwa kwa mkono wake zingebaki, na zaidi ya hizo pasingekuwa na nyingine.

Tangu nisome habari hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo si la upigaji picha tu. Je, kitu kinaweza kupata thamani kwa sababu tu watu wengine wamezuiwa kukipata? Na kama kinaweza, thamani hiyo ni ya namna gani, na mwenye kuidai ni nani?

Msomaji aliyekua na simu mkononi huenda hajawahi kuishika negativu. Ni ule mkanda wa filamu ambao kilichokuwa cheupe kinaonekana cheusi, na cheusi kinaonekana cheupe. Mpiga picha anaingia nao kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, anapitisha mwanga juu ya karatasi yenye dawa ya fedha, anaitumbukiza karatasi kwenye maji ya dawa, na sura inajitokeza polepole. Tulikuwa tunasema "kusafisha picha", na neno hilo nalipenda, kana kwamba sura ilikuwepo tayari na kazi ni kuiondolea uchafu. Negativu moja inaweza kusafisha picha kumi au elfu kumi. Hapo ndipo ugumu wa kuiuza kama mali adimu unapoanza.

Soko la picha za wanamuziki maarufu limeutatua ugumu huo kwa ahadi. Mpiga picha anasema nitasafisha nakala 25 tu, anaziandika namba kwa penseli, anatia saini, na baada ya hapo hasafishi tena kwa ukubwa ule. Au mnunuzi anatafuta karatasi ya wakati uleule, iliyosafishwa karibu na mwaka picha ilipopigwa, akiamini kwamba ina kitu ambacho karatasi ya juzi haina. Mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury, ni mmoja wa wanaouzwa hivyo. Picha ya Queen iliyopigwa na Mick Rock mwaka 1974, ile ya nyuso nne gizani, imeuzwa kwa nakala zenye saini na namba, nyingi zikiishia kwa watu wasiojua Shangani iko upande gani wa bahari. (Rock mwenyewe hakuficha kwamba wazo la picha hiyo alilipata kwenye picha ya Marlene Dietrich ya mwaka 1932. Kwa hiyo hata hiyo inayohesabiwa kwa namba ni mwangwi wa nyingine.)

Walter Benjamin aliliona jambo hili mapema. Katika miaka ya 1930 aliandika kwamba kwa kazi inayotoka kwenye negativu, kuuliza ni nakala ipi iliyo halisi ni kuuliza swali lisilo na maana. Alidhani swali hilo litakufa. Halikufa. Soko lililitengenezea jibu na kulipandisha bei.

Ningeyaacha haya kwenye daftari la semina kama isingekuwa picha moja ya Mbaraka Mwinshehe iliyoko Mbekenyera, wilayani Ruangwa, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Ni ndogo, haifiki ukubwa wa daftari la shule. Mbaraka amesimama na gitaa, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto kama anayesikiliza kitu ambacho mpiga picha hakisikii. Nyuma ya karatasi kuna muhuri wa studio ambao umefutika. Imebaki nusu duara na herufi tatu zisizounda neno. Pembe moja imeliwa na mende. Juu kuna tundu la msumari, na kulizunguka tundu kuna kutu. Babu aliinunua alipokuwa anakata mkonge Kimamba, upande wa Kilosa, kwa mpiga picha aliyekuwa akizunguka kwenye kumbi za dansi na bahasha ya picha za wanamuziki. Aliporudi Ruangwa alirudi na baiskeli, redio na picha hiyo. Redio ilikufa kwanza.

Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Bibi anasema siku habari ilipofika, watu walikuja kukaa barazani kama kwenye msiba wa jirani, na picha ilitolewa ndani ikawekwa juu ya kigoda. Baada ya hapo ilikuwa haitulii. Iliazimwa kwenye harusi. Kinyozi mmoja aliichukua kwa mwezi mzima ili fundi wa mabango aige zile nywele, na kwa miaka kadhaa wanaume wa pale walinyolewa chini ya ubao uliokuwa na Mbaraka mwenye macho makubwa kuliko ya kwake. Picha ilirudi na tone la rangi ya bluu kwenye bega. Lipo mpaka leo.

Mwaka jana mtu mmoja wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa santuri na picha za muziki wa zamani, aliiona hiyo picha kwenye simu ya binamu yangu. Akatoa bei. Shilingi laki nne.

Naomba nilipime hilo kwa vipimo vya kwetu. Ni karibu kilo mia moja za korosho katika msimu ambao bei mnadani imefika shilingi elfu nne, na misimu ya namna hiyo haiji kila mwaka. Ni bati kadhaa za kuezekea, na nyumba ya bibi inavuja mahali pengi kiasi kwamba mvua za Januari zikianza, sufuria zote zinakuwa chini na hakuna ya kupikia. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba hili ni suala la utamaduni dhidi ya fedha. Bibi analala pakavu au halali pakavu.

Ila kabla fedha haijatoka Dar, swali lilikuwa limeshafika. Ni ya nani?

Babu alifariki mwaka 2009. Sisi Wamwera kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama, na mali ya mwanamume ilikuwa inakwenda kwa watoto wa dada zake. Lakini sisi pia ni Waislamu, na kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na watoto wana mafungu yao. Kwetu, kama kwa wengi, kilichofanyika ni mchanganyiko uliopatikana kwa kukaa mkekani siku mbili. Mikorosho ilihesabiwa mti kwa mti. Baiskeli ilikwenda kwa mpwa. Panga, jembe, hata kitanda cha kamba vilitajwa. Picha haikutajwa. Ilikuwa ukutani, juu ya vichwa vya wazee waliokuwa wanagawa, na hakuna aliyeiona kuwa ni kitu cha kugawa.

Mpwa mkubwa wa marehemu babu, ambaye sisi wajukuu tunamwita mjomba, ndiye aliyekuja na hoja. Alikuja asubuhi, akamsalimia bibi kwa adabu zote, akakaa.

"Shangazi, mimi sitaki ugomvi. Ile picha marehemu aliinunua kwa jasho lake kabla hata hajakuoa wewe. Kama ni mali, basi ni mali yake, na mali yake ina wenyewe."

"Miaka yote hiyo haikuwa mali?"

"Haikuwa na bei, Shangazi."

Nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe cha chai, na nikaona kwamba mjomba, ambaye hakuvuka darasa la saba, amelisema kwa maneno manne jambo ambalo mimi nalizungushia kurasa. Picha haikuanza kuwa ya mtu siku iliponunuliwa Kimamba. Ilianza kuwa ya mtu siku mgeni alipoitajia bei. Kabla ya hapo ilikuwa kwa bibi, na sote tunajua kwamba kuwa kwa mtu si sawa na kuwa ya mtu.

Sasa, laki nne hizo zinanunua nini hasa? Nimejaribu kuzichambua.

Kwanza zinaweza kuwa zinanunua uso. Lakini uso ni wa Mbaraka, naye amekwisha kufa, na hakuna senti itakayokwenda kwa wa kwake. Hili si la ajabu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kazi, na katika picha mtunzi ni yule aliyepiga, si yule aliyesimama mbele ya kamera. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, sura yake ilikuwa imeshaenea kwenye michoro na kadi za kuuzia watalii Mji Mkongwe, ile mikunjo, ile sigara, ile ngoma. Kila aliyeuza aliuza kitu ambacho Bi Kidude alikitengeneza kwa kuishi tu. Sijui nani angeweza kumlipa mtu kwa mikunjo yake. Lakini najisikia vibaya kidogo kila ninapoona muuzaji anapunguziwa bei.

Pili zinaweza kuwa zinanunua jicho la mpiga picha. Huu ndio ugumu niliokuwa tayari kuutetea, kwa sababu wapiga picha wetu walifanya kazi kubwa na kufa bila kujulikana. Tazama Jean Depara wa Kinshasa. Mwaka 1954 Franco alimwomba awe mpiga picha wake, na Depara akatembea na usiku wa jiji lile kwa miaka mingi, baa, gitaa, wanawake wenye miwani ya jua saa sita za usiku. Alifariki mwaka 1997, na picha zake zikaja kutundikwa kwenye maonyesho Paris. Angalau jina lake limeandikwa chini yake. Yule wa Kimamba mwenye bahasha hana jina. Ana nusu duara na herufi tatu. Mnunuzi akimlipa bibi, mpiga picha halipwi. Jicho linapita bure.

Unguja kuna mfano wa tofauti ambao naupenda. Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye mwanawe akaiendeleza, kuta zimejaa picha za zamani za nyeusi na nyeupe, na mgeni anaingia, anachagua, analipa. Pale anayekula ni mtoto wa aliyepiga, na picha inasafishwa kwa anayeitaka. Sioni ubaya wowote hapo. Biashara ya picha yenyewe si dhambi.

Tatu, na hapa ndipo nilipoweka mguu, zinanunua utunzaji. Karatasi ya aina ile zilikuwepo nyingi. Nyingine zililowa, nyingine zikaliwa na mchwa, nyingine zikatumika kuwashia moto. Hii moja imebaki kwa sababu mwanamke mmoja aliipangusa kila Ijumaa, akaihamisha ukuta hadi ukuta paa lilipoanza kuvuja, akamfuata kinyozi mwezi ulipopita bila kurudishwa. Mkusanyaji hanunui mwaka 1970 na kitu. Ananunua miaka yote iliyofuata. Na miaka hiyo ni ya bibi.

Nilimweleza mjomba hivyo. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wahadhiri wangu hawalifanyi kila mara.

"Mwanangu," akasema, "mlinzi wa shamba analipwa mshahara. Halipwi shamba."

Nimelifikiri jibu hilo kwa miezi. Nadhani lina nguvu kwa mali inayobaki ileile ikitunzwa au isipotunzwa, kama ardhi. Mlinzi akiondoka, shamba lipo. Lakini bibi asingeitunza ile karatasi, kusingekuwa na kitu cha kubishania. Utunzaji wake haukukaa kando ya thamani ukiilinda, ndio ulioizaa. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans, maji yaliharibu picha zilizosafishwa karibu 8,000 za Herman Leonard, yule aliyempiga Dexter Gordon mwaka 1948 akiwa amezungukwa na moshi wa sigara. Negativu zake zilinusurika, zilikuwa zimehifadhiwa juu, kwenye jumba la makumbusho. Leonard aliweza kusafisha tena. Negativu ya Mbaraka wetu haijulikani ilipo, kwa hiyo kila Ijumaa ya bibi ilikuwa ndiyo negativu.

Hata hivyo hoja yangu ina mlango wa nyuma, na mjomba hakuupitia, nitaupitia mwenyewe. Kama thamani inatoka kwenye utunzaji, basi kinyozi naye anadai. Na maharusi. Na fundi wa mabango aliyeacha tone lake la bluu. Wote walisababisha picha ile iwe kitu cha kutunzwa. Bibi asingemfuata kinyozi kama hakuna aliyeitaka. Picha ilitunzwa kwa sababu ilizunguka. Mnunuzi wa Dar, mtu muungwana kwa sauti yake, aliniambia ataihifadhi kwenye karatasi maalumu isiyo na asidi, kwenye droo, mbali na mwanga. Namwamini. Pengine itakaa miaka mia. Nasema hivi bila kejeli, maana watu kama yeye wameokoa muziki ambao wengine tuliuacha uoze kwenye stoo. Ila ni utunzaji wa aina nyingine kabisa. Wa bibi ulikuwa wa kuwezesha watu waione. Wake ni wa kuwezesha karatasi isionwe hata na jua.

Na hapa narudi kwa Weston na moto wake. Alikuwa na haki ya kuchoma. Zilikuwa zake, na sababu yake ilikuwa heshima kwa kazi ya mkono. Soko limeirithi tabia ile bila ile sababu. Nakala namba 7 kati ya 25 haioneshi uso vizuri zaidi kuliko namba 26 ambayo haikusafishwa. Aliyeilipia amelipia, pamoja na uso, kutokuwepo kwa namba 26. Kununua kitu kizuri naelewa. Kununua ukosefu wa mwenzangu, hilo nimeshindwa kuliita thamani, ingawa najua lina bei na najua bei hiyo inaezeka nyumba.

Mwezi wa tisa niliipeleka picha Nachingwea mjini, nikaipiga upya, nikaichapisha kwa ukubwa uleule kwenye duka la pasipoti na kuweka plastiki. Shilingi elfu moja na mia tano. Niliporudi nikaziweka zote mbili mkekani. Bibi akazitazama kwa zamu, akasema hii mpya Mbaraka amenenepa. Kweli mashine ilikuwa imeivuta kidogo pembeni. Nikampigia mnunuzi nikamwambia naweza kumtumia ile iliyo wazi kabisa, bure, aichapishe atakavyo. Akacheka kwa upole. Akasema anayo tayari, kwenye simu. Anachotaka ni karatasi.

Kilichobadilika nyumbani ni kwamba ukuta uko mtupu. Tangu bei itajwe bibi ameitia picha kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, na ufunguo uko kiunoni. Jirani mmoja alikuja kuiazima kwa arobaini ya baba yake aliyependa muziki wa Morogoro, akaambiwa haipo. Ni mara ya kwanza nimsikie bibi akimwambia jirani uongo. Hakuna aliyemlazimisha. Kikao cha wazee kimepangwa baada ya korosho kuuzwa, na picha itatajwa pale, mwaka wa kumi na kitu baada ya mwenyewe kuzikwa, kati ya mikorosho na baiskeli ambayo haipo tena. Thumuni ya bibi ni elfu hamsini.

Wiki iliyopita mnunuzi aliandika. Yuko tayari kupanda hadi laki tano, ila anaomba kuhakikishiwa jambo moja, kwamba kwa kadiri familia inavyojua hakuna karatasi nyingine kama ile. Nikamsomea bibi. Alikuwa anabangua korosho, vidole vimeungua mafuta kama kawaida.

"Nyingine?" akasema. "Mwambie pale Kimamba kila chumba kilikuwa nayo. Babu yako alikuwa nazo mbili. Moja alimpa mwenzake aliyekuwa anarudi Songea."

Nikaandika hivyohivyo, neno kwa neno. Ujumbe umesomwa. Mjomba ananiuliza kila jioni kama amejibu.